Tupeane uzoefu: vitu vilivyomo kwenye vidonge ukiacha dawa yenyewe

Kirumba Juu:
Wakuu za jioni. Juzi nilienda kumchukulia mzee dawa ya presha, nikiwa nasubiri chenji nikafungua ile karatasi ya ndani ya boksi nikaanza kusoma. Amlodipine miligramu 5. Sasa miligramu 5 ni vumbi tu hata kuishika huwezi, kwahiyo huo mwili wote wa kidonge ni nini? Karatasi inasema selulosi, kalsiamu fosfeti, wanga na magnesiamu stiareti. Dada wa dukani akanambia hizo za kwanza zinajaza, wanga kazi yake kukipasua kidonge kikifika tumboni, stiareti ni ya kufanya unga using'ang'anie mashine kiwandani. Nikasema kumbe tunalipia na ujenzi. Sasa tupeane uzoefu, nani hivi vitu vimewahi kumsumbua au kumsaidia? Wale wa "nenda hospitali mkuu" tunawashukuru mapema.

Mama Kulwa:
Kwangu ni mseto wa malaria wa watoto, ule wa kuyeyusha kwenye maji wenye ladha ya cheri. Doto anakunywa chochote, Kulwa ndo mpaka tukimbizane uwanja mzima, ila huo anakunywa anaomba tena. Sasa shida ikahamia upande wa pili, nikamkuta amepanda stuli anautafuta kabatini anajua ni pipi. Sikuhizi dawa zote zipo juu ya kabati ndani ya ndoo yenye mfuniko, jamani utamu wa dawa usiuchukulie poa kama una watoto.

Nansio Moja:
Nyie mnaongelea cheri, sisi wa visiwani tumekulia praziquantel ya kichocho shuleni. Mnapangwa mstari mnanyweshwa uji kwanza, mwalimu anakusimamisha kwenye ule mti wa kupimia urefu ndo anajua akupe vidonge vingapi. Na ni mabonge kweli kweli. Kikikaa mdomoni sekunde chache kile kiganda cha nje kikaanza kulainika, mayu wee, uchungu unapanda mpaka masikioni. Kuna jamaa tulisoma nae alikuwa anakificha shavuni anaenda kukitema nyuma ya choo afu jioni huyooo ziwani anaogelea, mwaka mzima anakojoa sijui anaharisha damu hajui kwanini. Nauliza hivi kwanini wasiweke sukari tu?

Famasia Nyegezi:
@Nansio Moja sukari haitoshi kuufunika ule uchungu. Praziquantel ya kawaida ni mchanganyiko wa pande mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, upande mmoja ndo unaua minyoo, wa pili karibu hauna kazi na ndo wenye uchungu zaidi. Kwahiyo unameza bonge kubwa na nusu yake haikusaidii. Wakatengeneza arpraziquantel, imebaki na upande unaofanya kazi tu, ni kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyuka kwenye maji, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Ilipata maoni mazuri ya wakala wa dawa wa Ulaya Desemba 2023. Hao wadogo zamani walikuwa wanaachwa tu, au wanasagiwa kile cha wakubwa.

Mjukuu wa Magu:
Babu yangu ana sukari, alipewa metformin ile ya kutoka taratibu. Siku moja anatuita wote chooni, kidonge hiki hapa kizima kama alivyokimeza! Akagoma dawa, anasema wanamuuzia plastiki. Sukari ikapanda mpaka akalazwa. Nesi ndo akaja kutueleza kwamba lile ni ganda tu, linavimba linakuwa kama jeli dawa inachuruzika humo polepole kutwa nzima, ganda linatoka lenyewe. Sasa hilo si wangemwambia siku wanampa?

Famasia Nyegezi:
Wangemwambia kweli. Na ndo maana hizo hazisagwi wala hazitafunwi, ukisaga unaingiza dozi ya siku nzima kwa mpigo.

Abuu wa Mabatini:
Mimi ni kapsuli. Ganda lake mara nyingi ni jelatini, ya ng'ombe au ya nguruwe, na boksi nyingi hazisemi. Nauliza kila duka naonekana msumbufu lakini zipo za mimea, hypromellose, ukikazana unapata. Shemeji yangu yeye alikuwa anafungua omeprazole anatupa ganda anatafuna vile vipunje, vidonda vya tumbo haviponi.

Famasia Nyegezi:
Haviponi kwasababu kila kipunje kina koti lake la kuzuia asidi ya tumboni, asidi ikiipata omeprazole inaiharibu. Afungue sawa, ila avimeze bila kutafuna.

Bwiru Kona:
Maza ana presha afu anapenda zile panado za kuchemka kwenye glasi. Kidonge kimoja kina sodiamu kama miligramu 400! Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 2 kwa siku, sasa piga hesabu akinywa nane. Tumembadilishia za kumeza, ananuna.

Kirumba Juu:
Na dawa za kikohozi? Zile habari za Gambia 2022 watoto wakafa kwa figo.

Famasia Nyegezi:
Pale kilichoua sio dawa ya kikohozi yenyewe, ni daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli, sumu zinazoingia pale kiyeyushi cha sirapu kikiwa kichafu. Marekani 1937 walizika watu zaidi ya 100 kwa daiethilini hiyohiyo. Kwa ulimi huijui, ni tamu. Inajulikana maabara tu, kwahiyo ya kuuziwa kwenye basi au mwaloni achana nayo, nunua duka lenye kibali.

Igoma Stendi:
Mimi maziwa freshi yananiendesha vibaya, na naona vidonge vingi vimeandikwa laktosi, ile sukari ya maziwa. Niache?

Famasia Nyegezi:
Usiache. Kidonge mara nyingi hakifikishi hata nusu gramu ya laktosi, kikombe cha maziwa kina kama 12. Ila kama hata chai ya maziwa kidogo inakukimbiza, mwambie anayekuhudumia akutafutie isiyo na laktosi.

Igoma Stendi:
Wabeja sana. Chai ya maziwa nakunywa vikombe viwili, kumbe nilikuwa naisingizia tu.