Nataka kurudi kwenye ngumi baada ya kujifungua, mama mkwe hataki

BintiKitangiri:
Habari za jioni ndugu zangu. Niko Mwanza, nina miaka 26, mtoto ana miezi minne na nusu, bado namnyonyesha. Kabla ya mimba nilikuwa bondia wa ridhaa, nacheza kilo 54, saivi mzani unasoma 67. Jana nimechukua kamba nikaruka kama mara mia hivi nikajikuta nimelowa mkojo, nikaingia ndani nikalia. Mume wangu hana shida, anasema ukiona uko tayari rudi, ila mama mkwe tunayeishi naye, na ndo aliyenikanda maji ya moto siku zote arobaini, anasema mama anayenyonyesha akipigana maziwa yanaharibika na mtoto atadhoofu. Sitaki kumvunjia heshima, amenitunza mno. Ila ngumi naipenda na huu mwili wa sasa siuelewi kabisa. Mliopitia hii mlirudije?

MamaWawili_Mabatini:
Mdogo wangu hongera kwa mtoto na pole. Hilo la mkojo lilinikuta na mimi, jimu imejaa wanaume utamwambia nani. Ile misuli ya chini inayobeba kibofu na kizazi imetanuka kwa mimba na kuzaa, sasa ukiruka kamba kila ukitua unaitingisha. Kamba weka pembeni kwanza. Kaza kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu mpaka tano, achia taratibu, mara kumi, asubuhi mchana na jioni, mi nilikuwa nafanya huku nachambua dagaa na hakuna aliyejua. Ikipita miezi mitatu hali ni ileile nenda hospitali uombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo, usikae nalo moyoni.

Mtoto wa kwanza nilijifanya shujaa, wiki ya saba niko kwenye begi la kupigia ngumi, nikaumia kiuno nikakaa nje muda mrefu kuliko ule niliokataa kusubiri. Wa pili nilianza kwa kutembea tu, alfajiri napanda mlima Bugando nashuka, basi. Maziwa hayaharibiki kwa mazoezi, nyonyesha kabla ya kutoka, kifua kikiwa chepesi na sidiria ya michezo unakimbia vizuri. Ila ngumi ya titi inaumiza na inaweza kuvimbisha, hapo mkweo ana hoja, kwa hiyo sparing, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, usiguse kwanza.

Kocha_Ilemela:
Dada usizikimbilie hizo 54. Naona mabinti wanajifunga nailoni wanakimbia juani, kinachotoka hapo ni maji mafuta yanabaki, na bondia aliyekauka maji akipigwa kichwani ni hatari kubwa, we unayenyonyesha ndo kabisa usijaribu. Kula sato, dagaa, mtindi na ugali wako kama kawaida. Mabinti wangu huwa nawasimulia Mary Kom wa India, alijifungua mapacha 2007, mwaka 2008 akachukua ubingwa wa dunia, halafu London 2012 ngumi za wanawake zilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza uzito wake haukuwepo, wa chini kabisa ulikuwa 51, ikabidi apande, na akarudi na shaba. Kwa hiyo ukirudi hata kwenye 60 we ni bondia tu.

Bibi_Nyegezi:
Mwanangu mimi ngumi siijui ila ni mama mkwe. Mjukuu akidhoofu lawama zinarudi kwa mkweo maana ndo anayebaki naye ukiwa mazoezini, na hilo hawezi kukutamkia. Usimsomee mambo ya mtandaoni. Nenda naye kliniki siku ya kupima uzito, kadi aishike yeye, amuulize nesi mwenyewe anachotaka. Mwezi ujao tena. Na mwombe ruhusa ya kutembea tu kwanza, hiyo hatakunyima.

BintiKitangiri:
Bibi shikamoo, umenigusa, kweli hata mara moja sijawahi kumuuliza anaogopa nini. Kliniki ni Jumanne ijayo, nimeshamwambia twende wote na amekubali, ameanza na kuchagua kitenge cha kuvaa. Dada wa Mabatini asante sana, leo nimekaza mara kumi nikiwa nafua nepi. Kocha hizo 54 nimeziacha. Nitarudi hapa niwaambie nesi kasemaje.