Programu inayosoma Morse kwenye mashindano: ni haki?

MzeeWaMorse: Kwenye CQ WW, yale mashindano ya dunia ya redio za ridhaa ya kuwasiliana na vituo vingi, nazungusha kitufe cha masafa mwenyewe, nasikiliza kwa sikio. Mwenzangu ana programu inayosoma Morse ya bendi nzima kwa mpigo na kumwandikia kila ishara ya mwito, yaani jina la kituo hewani. Tunashindana kweli hapo?

AntenaNdefu: Kuna kundi la wanaosaidiwa, mzee. Akijiandikisha huko hana kosa.

MzeeWaMorse: Na asipojiandikisha huko? Nani atajua?

Mita40: Waamuzi hulinganisha logi, yaani rekodi ya mawasiliano ya kila mshindani, na orodha za vituo vilivyotangazwa mtandaoni. Anayerukia kila kituo adimu mara tu kinapotangazwa huacha nyayo. Tena programu hukosea herufi; ukinakili bila kusikiliza, pointi zinakatwa.

MzeeWaMorse: Zikatwe tu! Mimi nabaki na sikio langu.