Mama anakohoa wiki ya nne sasa, azuma kameza dozi mbili, nifanyeje?

Binti wa Kibosho
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri maana nimechanganyikiwa. Mama yangu ana miaka 63 anaishi Kibosho kule juu, mimi niko Arusha kikazi. Mwezi wa sita baridi ilipoanza alishikwa na mafua ya kawaida yakaisha ila kikohozi kikabaki, leo ni wiki ya nne anakohoa makohozi mazito ya njano, asubuhi ndo balaa mpaka anashika ukuta. Zahanati walimwambia ni bronkaitisi wakampa amoksilini siku tano, wapi. Nikamtumia hela akaenda duka la dawa wakampa azuma, wiki iliyofuata karudi kapewa azuma tena. Homa hana, damu hakuna, anakula, ila akipanda kutoka barabarani mpaka nyumbani anasimama mara mbili tatu avute pumzi na zamani hakuwa hivyo kabisa, alikuwa anapandisha na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mwaka jana kipindi kama hiki alikuwa hivi hivi, mwaka juzi pia. Majirani wanasema ni baridi ya mlima tu ajifukize mkaratusi. Sigara hajawahi kugusa. Je kuna antibayotiki kali kuliko azuma? Za sindano vipi?

Boda wa Sakina
Pole dada. Mimi ilinipata mwaka jana, bodaboda unaijua ile baridi ya saa kumi na moja asubuhi na vumbi juu yake. Nilimeza azuma nikaharisha siku tatu kikohozi kiko palepale, nikaenda hospitali daktari akanipima akasema kifua ni cha virusi dawa hizo hazikigusi, kunywa maji ya moto, asali kijiko wakati wa kulala, subiri. Kiliisha kama siku ya ishirini hivi. Ila mimi nina miaka 29 na sikuwa naishiwa pumzi, hilo la mama kusimama njiani mimi lingenitisha.

Tabibu Moshi
Dada pole na mgonjwa. Mimi ni tabibu, naona watu wazima, niko hapa Moshi. Mama sijamwona wala kumsikiliza kifua kwa hiyo chukua haya kama mwongozo tu.

Antibayotiki kali zaidi usitafute kwanza. Bronkaitisi ya ghafla, ile inayofuata mafua, zaidi ya watu 9 kwa 10 inaletwa na virusi. Mirija ya hewa inavimba kwa ndani inatoa ute mwingi, virusi vinaondoka mapema ila mirija inabaki imechubuka ndo maana mtu anakohoa wiki mbili mpaka tatu hata kama amepona mafua. Na rangi ya makohozi isiwadanganye aisee, njano au kijani inatokana na chembe nyeupe za damu zinazopigana pale, haimaanishi ni bakteria. Naandika hili kwa uchungu kwa sababu kila baridi ikiingia napokea watu wameshameza dozi tatu za dukani, na siku wakipata nimonia ya kweli dawa inagoma.

Sasa mama yako mimi naona hayuko kwenye kundi hilo. Wiki ya nne, halafu kikohozi cha zaidi ya wiki mbili hapa kwetu lazima makohozi yapimwe TB, hata kama hakondi na hatoki jasho usiku. Kipimo ni bure hospitali za serikali, nenda naye Mawenzi au aanzie kituo cha afya cha karibu, na hata ikikutwa dawa ni bure na inapona. Usione aibu kwa hilo.

Pili, mtu anayekohoa makohozi miezi mitatu au zaidi kwa mwaka, miaka miwili mfululizo, hiyo tunaita bronkaitisi sugu, na hiyo inabana pumzi taratibu. Nakuuliza maswali mawili. Mwaka jana kilikaa miezi mingapi? Na anapikia nini? Halafu kama ana presha niambie anameza dawa gani, kaptopili na enalapili zinakohoza watu, japo kikohozi chake huwa kikavu.

Akianza homa kali, kuhema haraka akiwa amekaa, maumivu ya kifua, damu kwenye makohozi, midomo kubadilika rangi au kuchanganyikiwa, hapo usisubiri ushauri wa mtandaoni, apelekwe siku hiyohiyo.

Binti wa Kibosho
Asante sana daktari. Presha anayo ila anameza amlodipini. Mwaka jana kilianza mwezi wa sita kikaja kuisha mwezi wa tisa au wa kumi. Anapikia kuni, jiko la mafiga, jiko lenyewe ni banda la mbao lina kamlango tu. Nilimnunulia mtungi wa gesi wa kilo 6 lakini anachemshia chai ya wageni.

Mama Marangu
Mwanangu hapo kwenye kuni ndo pa kushika. Mama mkwe wangu alikohoa hivyo miaka na miaka, tukasema uzee, tukasema mlima. Hakuvuta sigara ila alipika mbege, unajua ndizi za mbege zinavyokaa motoni, na makande masaa matatu yeye kainama pale anapuliza moto. Alipofikishwa KCMC walimwambia mapafu yake yako kama ya mvuta sigara wa miaka mingi. Usimgombeze mama kuhusu gesi, sisi watu wa huku gesi tunaona ni hela inaungua. Sisi tulijenga bomba la moshi na tukaloweka maharage na mahindi usiku kucha ili yaive haraka. Na hiyo nyungu ya mkaratusi muachishe, jirani yetu aliungua mapaja na sufuria ya kufukizia.

Binti wa Kibosho
Wakuu naleta mrejesho. Nilichukua ruhusa kazini nikashuka Moshi nikampeleka mwenyewe. TB hana, namshukuru Mungu. Eksirei haina nimonia. Akapuliza kwenye mashine, mirija imebana, wamesema ni bronkaitisi sugu na moshi wa kuni ndo chanzo kikubwa. Antibayotiki hawakumpa hata kidonge. Kapewa salbutamo ya kuvuta, ile dawa ya kufungua mirija, na nesi akatuonyesha kutoboa chupa ya maji ya nusu lita tako lake tukachomeka kile kichupa cha dawa, anavuta kupitia mdomo wa chupa taratibu, dawa inafika kifuani badala ya kuishia kooni. Wamesema mirija haitarudi kama zamani lakini moshi ukipungua hali haitaharibika haraka.

Kwa sasa anapikia nje chini ya migomba mvua isiponyesha. Jumamosi fundi anakuja kutoboa madirisha mawili. Mama Marangu lile bomba mlijenga kwa bati au matofali?

Mama Marangu
Matofali ya kuchoma mwanangu, lipitilize paa kabisa. La bati letu la kwanza liliungua likatoboka, moshi ukarudi ndani.