Kick Six ya 2013: Chris Davis alikuwa na kasi, au Alabama walikuwa wazito?

Mtoa mada: Novemba 30, 2013, futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Timu za Auburn na Alabama ziko 28-28, imebaki sekunde 1. Alabama wanapiga mpira wa yadi 57 kuelekea milingoti, unaishia njiani. Chris Davis anaudaka ndani kabisa ya eneo la goli, anakimbia nao uwanja mzima hadi goli la upande wa pili, alama 6: Auburn 34-28. Ndiyo maana ikaitwa Kick Six. Nasema hivi: kasi yake ilikuwa ya kawaida tu.

Mpima fremu: Pima kwanza, ndugu. Mistari ya uwanja imepishana yadi 5, sawa na mita 4.57. Video ya fremu (picha) 30 kwa sekunde, akitumia fremu 15 kati ya mistari miwili, hiyo ni nusu sekunde: kama kilomita 33 kwa saa. Ukikosea fremu moja ukahesabu 14, inaruka hadi 35! Ndiyo maana watu hawaelewani. Pima yadi 20 kwa mkupuo, kosa lilelile linabaki kama nusu kilomita. Marudio ya polepole usiyaguse, fremu zake si za muda halisi.

Mwana Auburn: Na msigawanye yadi 100 kwa muda wote. Takwimu za vyuo hazivuki 100 hata mtu aanzie wapi. Yeye alianzia nyuma ya mstari wa goli, kisha akakata kushoto. Ukitumia 100 unampunja.

Mwana Alabama: Haya, mpeni kilomita zake. Alikuwa anakimbizwa na nani? Kikosi cha kupiga milingoti ni wazuiaji wanene, wengine kilo 130 na zaidi, wamesimama mguu kwa mguu. Kazi yao ni kulinda mpigaji. Mpira ukishaondoka wanapaswa kutawanyika kwa upana uwanjani, wa pembeni ashike ukingo asivutwe ndani. Ukingo wa kushoto wa Davis ukabaki wazi. Pale hata beki wa kawaida anafika.

Mtoa mada: Ndicho ninachosema.

Mwana Auburn: Hata kidogo. Alipita karibu mno na chaki ya pembeni. Anayekimbia ovyo pale anatoka nje, mbio zinakatishwa hapo, mnaingia muda wa nyongeza. Kujizuia nako ni sehemu ya mbio.

Mpima fremu: Mkirudi na namba, semeni mmepimia nini. Kamera iko juu na inageuka. Kofia huonekana kuvuka mstari kwa wakati tofauti na mguu. Pimeni mguu unapokanyaga.