Msafara wa Malkia mto Thames: sisi wa botini twende au tubaki?

Binti Kisauni
Hamjambo nyote. Wengine mwajua mimi na mume wangu twaishi kwenye boti ya mfereji, mashariki ya London, mwaka wa nne huu. Sasa tarehe 3 Juni, mwaka huu wa 2012, ni ule msafara wa Malkia Elizabeth kutimiza miaka 60 kitini. Boti kama elfu moja, wanavyosema, zitashuka Thames kutoka Battersea hadi Tower Bridge. Jirani yetu, mzee wa Kiingereza mwenye boti ya futi 57, aliomba nafasi akapewa. Anatafuta watu wawili wa kushika kamba, na jicho lake limetuangukia sisi.

Hapa ukingoni watu hawasemezani. Boti ya mbele yetu wamepaka upya yale maua na makasri mlangoni, wananing'iniza bendera tangu mwezi uliopita. Ya nyuma wametundika shuka lenye maandishi kuwa hawaendi popote. Ukiwa huna gati lako la kudumu, sheria ya 1995 yakutaka usogee kila siku 14. Mwaka jana wasimamizi wa mifereji wakaleta mapendekezo ya kubana zaidi maegesho ya mto Lea, Olimpiki hiyo yaja. Yaani mwaka mzima sisi ni takataka za kufagiwa, siku moja tuwe mapambo. Mume wangu asema twende tukale keki. Mimi moyo wasita. Mwasemaje?

Mzee wa Ngamiani
Mwanangu, kabla ya siasa, nanga. Hizo boti zenu zina tumbo bapa, upana haufiki futi 7, zimezoea maji yaliyolala. Thames ya mjini ina maji kupwa na maji kujaa, tofauti mita sita na ushee. Injini ikizima karibu na daraja, mkondo unakubeba kama gogo hadi kwenye nguzo. Huyo mzee ana nanga ya kweli na mnyororo wake, au ana kile kipande cha urembo kilichofungwa kamba ya kuanikia nguo? Redio ya VHF anayo? Boti ndefu namna hiyo haitakiwi kule bila redio. Nimekaa kwenye tagi, boti ya kuvuta meli, bandarini Tanga miaka 22, si maneno ya kuokota.

Nyeri Damu
Dada, unauliza kweli? Huyu mama aliupata umalkia akiwa kwetu Kenya, juu ya mti, Februari 1952. Kufika Oktoba mwaka huohuo hali ya hatari imetangazwa dhidi ya Mau Mau, wazee wetu wamo kambini. Wengine wao wako mahakamani hapo hapo London hivi sasa, wanadai walivyoteswa, na Julai iliyopita jaji amesema kesi iendelee. Wewe mtoto wa Mombasa ukamshikie mtu kamba ampungie bendera? Haki tumekufa.

Shangazi wa Southall
Marekebisho kidogo. Juu ya mti alilala tu, pale hoteli ya Treetops. Habari za kifo cha babake alipewa Sagana siku ya pili.

Nyeri Damu
Mti ni mti, shangazi. Na nyumba yenyewe tuliichoma 1954.

Mtoto wa Darajani
Miye nina suala moja tu na msinijie juu. Mtu mzima, mume ana kazi, kwa hiari yake anaishi ndani ya ngalawa? Kwetu anayelala chomboni ni baharia, au aliyetolewa nje na mkewe. Hayo ya Malkia baadaye.

Binti Kisauni
Ngalawa! Ngalawa ina matengo mawili na tanga moja, na hata mtoto wa Darajani angepaswa kujua, kama kweli wa Darajani. Hii ni boti ya chuma. Nina jiko la makaa ya mawe linalowaka usiku kucha, nina oveni, nina kitanda ambacho wewe chumbani mwako hukipati kwa sababu umepanga na watu wengine wanne. Nikitoka nje asubuhi bata wako mlangoni. Wewe ukitoka unakuta nini? Baiskeli ya jirani na mapipa.

Kodi ya chumba kimoja huku nilipo ingenimaliza. Sikufukuzwa na mtu, kaka yangu.

Mtoto wa Darajani
Na choo je?

Binti Kisauni
Choo ni cha kasha. Kikijaa mume wangu anakibeba kwenye kitoroli hadi pa kumwagia. Yeye, si mimi. Una jingine?

Mzee wa Ngamiani
Sijajibiwa habari ya nanga.

Bukavu-Brussels
Bandugu, mimi nacheka tu. Nyinyi Malkia wenu angalau alifika, akapanda mti. Sisi Leopold, mfalme wa Wabelgiji, aliifanya Kongo shamba lake mwenyewe na hakukanyaga hata siku moja. Angetuomba mitumbwi ya kusherehekea sijui tungemjibu nini.

Nyeri Damu
Huyo wa Darajani hana mdomo wa kucheka wanaolala chomboni. Sultani wao wa Zanzibar mwenyewe 1964 alilala chomboni! Alikimbia na jahazi, akaja Mombasa, tukamwambia hapa hushuki.

Mtoto wa Darajani
Sasa umeyataka. Kwanza si jahazi. Ni meli, jina lake Seyyid Khalifa, na ilikuwa na injini kabla babu yako hajaona bahari. Pili, unasema "tukamwambia" kama vile ulikuwepo gatini. Uhuru wenu ulikuwa na mwezi mmoja, wino haujakauka, mshaanza kuwafungia watu milango. Mtu amebeba watoto chomboni unamrudisha baharini, halafu leo unajifanya mtetezi wa wanyonge.

Nyeri Damu
Mnyonge mwenye meli yake binafsi. Sawa.

Mpemba wa Slough
Jamani, huyo Sultani mnayemrushia maneno yuko Portsmouth miaka yote hii, kimya, hana makuu. Alikaa kitini miezi sita na ushee, Julai 63 hadi Januari 64. Miaka 60 ya huyu na miezi sita ya yule. Mwacheni.

Kijana wa Ilala
Miezi sita kwake yeye, familia ilikaa zaidi ya karne. Tusifichane. Mnaolilia Sultani huku mnakula mapinduzi kila Januari 12...

Mtoto wa Darajani
Nani analia? Nimesahihisha jina la meli. Bara hamjui kusoma?

Kijana wa Ilala
Ndiyo hilo nililolitaka ulitoe. "Bara." Haya, endelea.

Shangazi wa Southall
Wanangu, dada wa watu aliuliza kuhusu tarehe 3. Mimi namwambia aende. Nilikuja nchi hii 1974 na koti la kuazima, nimelipa kodi yangu, mto ni wangu kama ulivyo wao. Ukikaa nyumbani umenuna, Malkia hatajua. Ukienda, wajukuu watakuona kwenye televisheni.

Nyeri Damu
Shangazi, kwa heshima zote, hivyo ndivyo walivyotutawala. Kwa televisheni.

Shangazi wa Southall
1952 kulikuwa na televisheni Nyeri? Jibu kwanza hilo.

Bukavu-Brussels
Shangazi amepiga.

Binti Kisauni
Mnapigana na Sultani na huku jirani anataka jibu. Hamkunisaidia hata kidogo, lakini nimecheka. Lililo kweli ni hili: si mambo ya 1952 yanayonikwaza, Nyeri Damu, nisamehe. Ni ile karatasi iliyobandikwa dirishani mwangu majira ya baridi, mume wangu ana homa, maji ya mfereji yameganda barafu, nao wanauliza kwa nini hatujasogea. Tusogee wapi? Karatasi ilikuwa na nembo safi kabisa. Barua ya mwaliko aliyopata jirani nayo ina nembo safi.

Mtoto wa Darajani
Barafu? Boti ilinasa?

Mzee wa Ngamiani
Nanga.

*Jumanne, tarehe 5 Juni*

Binti Kisauni
Nilienda. Msinitukane kabla sijamaliza.

Tulikusanywa juu ya mto, tukangoja mpaka tukachoka. Kule Woolwich walifunga yale malango makubwa ya kuzuia maji ili mkondo upungue, la sivyo wale wa makasia wangesombwa. Wao ndio walitangulia, mbele yao Gloriana, mashua ya dhahabu yenye wapiga makasia 18. Mbele ya wote ilikwenda boti iliyobeba kengele nane za kanisa, zikilia juu ya maji, na makanisa ya ukingoni yakizijibu. Hilo sijaliona maishani.

Halafu mvua. Mvua ya Juni ya hapa, baridi, inaingia kwa mlalo. Bendera za karatasi za jirani zilitoa rangi zote, kufika Westminster nilikuwa na mikono ya buluu kama fundi wa kutia rangi vitambaa. Helikopta zilizotakiwa kupita juu zikafutwa. Na Malkia wenu, Nyeri Damu, bibi wa miaka 86, aliwekewa viti vya kifalme viwili, chake na cha mumewe, na hawakukalia. Walisimama muda wote. Jana mzee Philip amelazwa hospitali.

Nilimpungia mkono. Mkono ulinyanyuka wenyewe.

Nyeri Damu
Ulipungia mkono wa buluu. Na umesoma habari za wale vijana wasio na kazi walioletwa na mabasi kulinda msafara bila malipo, wakalala chini ya London Bridge usiku, mvua ikinyesha? Hao nao walisimama.

Binti Kisauni
Nimesoma. Nimeumia. Tulipita juu ya maji hatua chache kutoka hapo.

Kijana wa Ilala
Mapinduzi hayakuletwa na Bara, kwa taarifa. Nilikuwa safarini, ndiyo najibu.

Mtoto wa Darajani
Karudi.

Mpemba wa Slough
Ya Rabi.

Mtoto wa Darajani
Dada Kisauni, mwache huyo. Hilo jiko la makaa, lapasha boti nzima au chumba kimoja? Mwenye nyumba wangu kaongeza kodi.

Mzee wa Ngamiani
Mwanangu, nanga mlikuwa nayo?

Binti Kisauni
Tulikuwa nayo, mzee wangu. Mpya, mnyororo mita 10. Jirani aliinunua baada ya kumsomea maneno yako. Imekaa kwenye gubeti siku nzima na keki juu yake.

Mzee wa Ngamiani
Mita 10 ni fupi.