Mjadala: Kibarua wa wakala na mwajiriwa wa kudumu, kazi ileile, haki zitofautiane?

Mleta mada:
Ndugu, nauliza bila kuzunguka. Kwenye viwanda vya chuma na vya kuunda meli, utakuta watu wawili mbele ya tanuru moja, zamu moja. Mmoja kaajiriwa na kampuni, mwenzake kaletwa na wakala. Mshahara mbalimbali, bima mbalimbali. Ukiuliza, kampuni inajibu: huyo si wetu, kamuone wakala. Kwangu huo ni ubaguzi. Karibuni.

Mchangiaji 1:
Taratibu, mkuu. Meli ikikamilika na oda nyingine haijaingia, wachomeleaji wote hao watalipwa na nani? Na yule wa kudumu kasota miaka hadi kufika pale. Mkilazimisha usawa, kampuni haitampandisha wa chini, itamshusha wa juu.

Mleta mada:
La oda nakuelewa, na uzoefu ulipwe. Ila hatari haiangalii mkataba wa mtu. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejitoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya msingi. Unasema pia hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi, na kampuni zinazofanya kazi eneo moja zishirikiane kuutimiza. Sasa kibarua akisema mnyororo wa winchi umechakaa, sisimami chini yake, nani atamfukuza? Hakuna. Kesho asubuhi jina lake halitaitwa getini, basi. Atashtaki nini? Ndiyo maana kuingia ndani ya matangi na kusafisha matanuru huishia kwao.

Mchangiaji 2:
Huo uzoefu mnaoukubali haraka hivyo, nani anaupima? Mwaka 1968 wanawake washonaji wa viti vya magari katika kiwanda cha Ford, Dagenham, Uingereza, waligoma kwa kuwekwa daraja la ujuzi mdogo. Sheria ya malipo sawa ilipita 1970. Daraja la ujuzi walilolidai walilipata 1984, baada ya kugoma tena.

Mchangiaji 1:
Hapo kwenye kukataa kazi ya hatari sina ubishi, haki hiyo iwe ya kila aliyepita getini. Lakini mleta mada unaisema kampuni peke yake. Chama cha wafanyakazi je? Pale pale kiwandani, ni wanachama wangapi wa kudumu watakaopiga kura kibarua aingie chamani, wakijua nyongeza ijayo itagawanywa na watu wengi zaidi?