Nimepigwa milioni 4 za mapazia ya plastiki mgahawani. Mvua moja tu ya masika, mchanga umeingia kwenye pilau la wateja

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, mwenye haraka apite tu.

Nina mgahawa mdogo Kigamboni, ufukweni. Makuti juu, nguzo za miti, meza 14. Upande wa kaskazini kuna ukuta wa jiko, nyuma kuna fremu za jirani. Upande wa bahari uko wazi mita 12, na upande wa kusini mita 6. Kila masika hizo pande mbili ndizo zinazonimaliza. Mvua ikianza kuja ya ubavu, watu wanabeba sahani wanajazana katikati, na meza za pembeni, ambazo ndizo kila mtu anazitaka jua likiwepo, zinabaki zinaoga.

Februari mwaka huu nikasema basi, nafunga mapazia ya kushusha, yale ya nailoni nzito inayoonyesha ng'ambo, mtu ale huku anaiona bahari. Nikaelekezwa kwa fundi. Akaja na simu imejaa picha za hoteli kubwa, akapima kwa futi, akagongagonga nguzo kama daktari. Nikamuuliza, "Upepo je?" Akanijibu, "Bosi wangu, hii ni nusu milimita, haipitishi hata pumzi." Mimi kusikia milimita nikaona nimepata injinia.

Hesabu: mita 18 kwa kimo cha mita 2.7 ni mita za mraba 48.6, kila moja 85,000, jumla 4,131,000. Ile 31,000 akanisamehe, nikamwona muungwana. Advansi milioni 3, iliyobaki nikammalizia siku ya kukabidhi. Risiti? Kikaratasi cha kitabu cha dukani chenye saini kama mguu wa kuku. Najua, wakuu. Hapo nitukaneni, nimestahili.

Kitu ambacho sikukijua siku ile, na yeye alitakiwa akijue maana ndiyo kazi inayomlisha: Februari bado ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Upepo ulikuwa unatokea nyuma ya ukuta wa jiko langu. Pale aliposimama na futi yake hata leso haipepei. Aliyafunga, yakaning'inia yametulia kama kioo, tukapiga picha. Kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, inapoanza, kuanzia Aprili hivi, upepo unageuka na kuja moja kwa moja kwenye zile pande mbili zilizo wazi, na mvua imo humo humo. Mtu wa pwani gani anauza pazia la mvua bila kuuliza kusi inaingilia wapi?

Sasa njooni Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Nina familia moja imekodi upande wa bahari, watu 30, binti yao kavishwa pete. Saa 1 usiku mvua hiyo. Vijana wakashusha mapazia, wageni wakapiga makofi kabisa. Dakika kumi hazijaisha, upepo ukaingia chini ya pazia la kwanza, likatuna kama tanga la jahazi. Hapo ndipo nilipojua uzito wa kushikilia pazia chini ni kitu gani. Wengine wanaweka bomba la alumini au la chuma na kulifunga kwenye sakafu kwa mikanda na bizimu. Huyu bwana kaweka bomba la plastiki la maji, kalijaza mchanga wa hapo hapo ufukweni wangu (nimeuziwa mchanga wangu mwenyewe, jamani), akaziba ncha kwa vifuniko vya kubandika. Bomba likapigwa na nguzo, kifuniko kikafyatuka, mchanga wenye maji ukamwagika kwenye sinia la pilau mbele ya mama mzaa chema.

Pete za juu zinazoshikilia pazia nazo zikaanza kung'oka moja baada ya nyingine, ta, ta, ta. Asubuhi nikaangalia vizuri: kazitoboa moja kwa moja kwenye nailoni tupu, hakushona hata mkanda wa turubai pembeni. Nailoni ikivutwa kwenye tundu inachanika kama karatasi. Mapazia matatu kati ya sita yalifika chini usiku ule ule.

Hata yale yaliyobaki juu hayakusaidia kitu. Kayatundika kwenye ubao wa mwisho kabisa wa makuti, nje ya michirizi, pale maji ya paa yanapodondokea. Kwa hiyo maji yote ya paa yalikuwa yanashukia NDANI ya pazia, juu ya meza, wakati kazi yake ni kuyaacha nje. Mtoto wa darasa la tatu angeliona hilo.

Na moshi. Jiko la mishkaki lipo pembeni ya kaunta, siku zote upepo ndio unaotoa moshi. Tuliposhusha mapazia, moshi ukakosa pa kwenda, watoto wakaanza kukohoa, bibi mmoja akasema kichwa kinamuuma. Nikaamuru mkaa utolewe nje mvuani haraka, maana gesi ya mkaa kwenye sehemu iliyofungwa inaua watu kimyakimya. Siku ya kupima, fundi aliliona lile jiko. Aliegemea pale pale akala mishkaki miwili ya ofa.

Familia ile niliirudishia hela yote. Sikuwa na mdomo wa kujitetea.

Jumatatu nikampigia fundi simu. Kabla ya malipo nilikuwa "bosi wangu". Sasa nimekuwa "mzee". "Mzee, ule upepo ni kazi ya Mungu." Warantii ya miaka miwili aliyoniahidi kwa mdomo? "Mzee, warantii ni ya nailoni kuvuja, siyo kuchanika." Haya, nikamwambia hata yale mazima yamekuwa meupe, huoni bahari, ni kama jicho lenye mtoto wa jicho. Akauliza, "Mliyakunja yakiwa na maji?" Ndiyo, tuliyakunja, mvua ilinyesha siku tatu, tungeyaanika wapi? Akacheka! Eti kosa langu, nailoni ikikunjwa mbichi inashika ukungu. Kumbe anajua, ila siku ya kukabidhi hakunena hata neno. Kisha akanishauri nifute kwa petroli. Nilijaribu kwenye kona moja. Ile kona sasa ni ngumu kama gamba na imezidi kufifia.

Tangu hapo meseji zinasomwa, hazijibiwi.

Wiki iliyopita nimempata mzee mmoja anayeshona maturubai ya malori. Alitazama dakika tano tu. Kwanza skrubu: za chuma cha kawaida, miezi mitatu tu ya chumvi ya bahari zimeshalia kutu, michirizi ya kahawia imeshuka kwenye nailoni kama wanja wa mtu aliyefiwa. Akasema hapa ni stenlesi, tena ile nzuri, au usifunge kabisa. Nailoni ikaribie milimita 1, iwe dirisha katikati tu, kingo zote turubai lililoshonwa mara mbili, pete zikae kwenye turubai. Pembeni iingie kwenye reli ya alumini ili upepo usipate pa kupenyeza mkono. Pazia lirudi ndani ya michirizi. Na juu paachwe upenyo wa hewa. Halafu akaniambia jambo ambalo yule fundi maiko wangu asingelisema hata kwa viboko: upepo ukizidi sana, kunja pazia, ubaki na mvua yako, la sivyo litang'oka na nguzo. Bei yake ni karibu mara mbili na nusu ya ile niliyolipa. Iliuma, ila yeye walau aliniuliza kusi inatokea wapi kabla hajatoa futi.

Mtakaokuja na "ulitaka cha bei chee": sikupunguza bei hata shilingi. 31,000 alijipunguzia mwenyewe.

Ninachotaka kwenu ni mambo mawili. Kuna aliyewahi kumpeleka fundi Mahakama ya Mwanzo akiwa na risiti ya kitabu, meseji na picha tu, bila mkataba? Ilichukua muda gani? Na wenye migahawa ya ufukweni Bagamoyo, Unguja hata Mombasa, mnafunga nini upande wa kusi kikadumu zaidi ya masika mawili? Picha tafadhali, hasa za kule chini pazia linapogusana na sakafu.

Jina la fundi sitaliweka hapa, msiniulize PM. Mabomba yake matano yenye mchanga nimeyaweka stoo, la sita lilipasukia mezani. Akisoma uzi huu, aje ayachukue na laki moja yangu ya usafi wa zulia.